Silabi za Kiswahili mwaka wa kwanza

Mama, umeuliza kwa nini mtoto wako wa mwaka wa kwanza hapa Bukavu anarudi nyumbani na silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, badala ya Kifaransa. Usiogope, hajachelewa. Sheria ya elimu ya Kongo (DRC) ya 2014 inataka shule za msingi zifundishe kwa lugha za taifa au lugha za mazingira anamoishi mtoto, na huku kwetu ni Kiswahili. Kifaransa anaanza kwa kukisikia na kukisema.

Faida utaiona hasa kwenye hesabu. Jioni moja nilimpangia binti yangu vizibo vya soda mezani: kumi upande huu, vitatu upande ule. Akasema "kumi na tatu", na jina lenyewe likamwonyesha mafungu mawili. "Treize", yaani kumi na tatu kwa Kifaransa, haimwonyeshi kumi iko wapi, anabaki kukariri tu. Nilifurahi sana kumwona ameelewa!

Jaribu leo na maharagwe, kabla hujayaweka jikoni. Mwambie apange mafungu ya kumi kumi, ahesabu yanayobaki, kisha umtajie namba hiyo hiyo kwa Kifaransa.