Wijeti za saa na hali ya hewa kwenye Windows 11
Mkuu, ile saa ya Windows 7 iliyokuwa inakaa palepale kwenye desktopu haimo tena kwenye Windows 11. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na W, paneli ya wijeti (vidirisha vidogo vya taarifa kama hali ya hewa) itafunguka pembeni. Alama ya kujumlisha inaongeza hali ya hewa na nyinginezo, vidoti vitatu kwenye kadi vinaiondoa. Wijeti za zamani za Windows 7, kama hiyo saa, Microsoft wenyewe waliziacha: Julai 2012 walitahadharisha kwamba mdukuzi anaweza kuzitumia kuendesha programu zake kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo tafadhali usipakue vitu vinavyodai kuzirudisha. Kama una Mac, kuanzia macOS Sonoma ya 2023 wijeti zinakaa kwenye desktopu yenyewe.