Ukumbi Uliopewa Jina la Taifa Kabla ya Taifa Lenyewe

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya upili mjini Nakuru. Kila tunaposoma tamthilia darasani, jina la Kenya National Theatre ya Nairobi hujitokeza, mara kama fahari yetu, mara kama mahali ambapo waandishi wetu walifungiwa mlango. Kauli ipi ni ya kweli? Na je, kuna faida ya kuwapeleka wanafunzi huko? – Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, kauli zote mbili ni za kweli, na ukimweleza mwanafunzi moja tu utakuwa umempa nusu ya habari.

Ukumbi huo uko chini ya Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1951. Ulifungua milango yake Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Hebu tafakari wakati wenyewe: vita vya Mau Mau vinaanza kupamba moto, watu wanakamatwa kwa wingi, na mjini linafunguliwa jukwaa linaloitwa la taifa, ilhali Wakenya walio wengi hawakuhesabiwa kuwa miongoni mwa taifa hilo. Walioketi vitini walikuwa hasa walowezi na maafisa wa serikali, na michezo waliyoitazama ilikuwa ile iliyopendwa Uingereza.

Uhuru wa 1963 ulibadilisha bendera upesi kuliko ulivyobadilisha ratiba ya ukumbi. Seth Adagala alipokabidhiwa uongozi mwaka 1968, wa kwanza miongoni mwa Waafrika, palianza juhudi za kuwafunza waigizaji wetu kazi ya jukwaa. Hata hivyo, ilipofika miaka ya 1970 vikundi vya wageni bado ndivyo vilivyopata siku nyingi, na baraza la kituo lilikuwa bado na mjumbe wa British Council, shirika la utamaduni la Uingereza.

Mgogoro ulifika kilele Oktoba 1976. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka uliofuata, na tamthilia mbili zilikuwa zimechaguliwa kuiwakilisha nchi: ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iliyoongozwa na Adagala huyo huyo, na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Waandalizi waliomba nafasi katika mwezi ule ambao Wakenya huwakumbuka mashujaa wao. Walichopata ni siku chache, zilizobanwa katikati ya onyesho la ballet kutoka Ufaransa na mchezo wa nyimbo na vichekesho kuhusu Roma ya kale. Mimi huiona hiyo kuwa fedheha iliyotupata tukiwa tumekwisha kujitawala, na sioni sababu ya kuipunguzia uzito mbele ya wanafunzi.

Lakini watu walijaa. Usiku wa kwanza, waigizaji walipofika kwenye wimbo wa mwisho walishuka jukwaani wakicheza, watazamaji wakainuka vitini wakawafuata, na ngoma ikatoka ukumbini hadi barabarani. Barabara hiyo leo inaitwa Harry Thuku, na ng'ambo yake pana hoteli ya Norfolk. Karibu na hapo, Machi 1922, umati uliokusanyika kudai Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika aliyekuwa amekamatwa na wakoloni, aachiliwe ulimiminiwa risasi, wakafa watu zaidi ya 20, akiwemo Mary Muthoni Nyanjirũ aliyewatia wenzake moyo wasirudi nyuma. Waliocheza usiku ule wa 1976 walikuwa wanakanyaga ardhi hiyo hiyo.

Miaka sita baadaye mlango ulifungwa kabisa. Wanakijiji wa Kamĩrĩthũ, Limuru, ambao tamthilia yao ya Kikuyu *Ngaahika Ndeenda* (Nitaoa Nitakapotaka), waliyoiandaa pamoja na Ngũgĩ, ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1977 na Ngũgĩ akatiwa kizuizini, walikuwa wameandaa mchezo mwingine, *Maitũ Njugĩra*, uanze ukumbini Februari 1982. Walifika wakakuta milango imefungwa na askari wamewekwa ulinzi. Walihamia Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, wakaendelea na mazoezi mbele ya maelfu ya watu hadi huko nako wakazuiwa. Mwezi Machi jukwaa lao la kijijini, walilolijenga kwa mikono yao, likabomolewa. Hao hawakuwa wasomi pekee: walikuwamo wakulima na wafanyakazi wa viwandani, watu ambao huenda hawangekanyaga ukumbi huo kwa sababu nyingine yoyote.

Ukumbi ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Septemba 2015. Viti na taa mpya ni jambo jema, ila kwangu tukio kubwa zaidi ni la Mei 2022, pale *Ngaahika Ndeenda* ilipopanda jukwaa hilo, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 45 tangu ipigwe marufuku. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, aliishi kuliona hilo likitendeka.

Kwa hiyo wapeleke, Mwalimu. Chagua siku yenye onyesho, wala usiwaingize moja kwa moja. Wasimamishe kwanza mlangoni, waitazame Norfolk iliyo mbele yao, uwasimulie habari za 1922, ngoma ya 1976 na mlango wa 1982. Kisha wakate tiketi, waingie waketi.