Suruali ya sufu haishiki mstari? Usiongeze moto

Wateja huniletea suruali za sufu walizonunua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, wakilalamika kwamba mstari wa mbele umepotea kabla ya saa sita mchana. Wengi wameshazidisha moto wa pasi, na wamepata magoti yanayong'aa tu.

Kwanza hakikisha ni sufu. Chomoa uzi ndani ya mshono, uuchome. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Harufu hiyo ina sababu: sufu na nywele zote ni keratini, aina ya protini. Ndani yake mna viungo vya haidrojeni, yaani vishikizo vya kikemikali, dhaifu lakini vingi mno. Maji na joto huviachanisha, kisha hushikana upya vilevile unyuzi ulivyolazwa wakati unapokauka na kupoa. Ndiyo maana nywele za rola hupendeza, halafu manyunyu ya Aprili yakaziharibu.

Kwa hiyo lowesha kitambaa cha pamba, kikamue, kitandike juu ya suruali. Hata pasi ya makaa inatosha. Kandamiza, usisugue. Mvuke ukiisha, ondoa pasi, weka ubao mkavu juu ya mstari na uiache suruali ipoe kabisa. Fundi mwenye haraka huitundika ingali moto, na hapo kazi yote imepotea.

Mstari huo utakaa mpaka suruali inyeshewe au ifuliwe. Wa kudumu hudai viungo vya salfa navyo vifunguliwe. Mwaka 1957 Arthur Farnworth wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia, alibuni njia iitwayo Siroset: sufu hunyunyiziwa kemikali ya jamii ya ile inayotia nywele mawimbi saluni, kisha hupigwa pasi ya mvuke. Hiyo waachie wenye viwanda.

Lakini ikumbuke unapochagua mitumba. Suruali yenye mstari wa kiwandani ukiibana miguu, mstari wa zamani hubaki pembeni ya ule mpya, nami sina pasi ya kuufuta. Muuzaji hatakubali uloweshe nguo yake, ila kidole chenye mate hakimpi hasara. Gusa mstari, subiri kidogo. Ukilegea, nunua ubane upendavyo. Ukibaki umesimama wima, inunue tu ikiwa inakutosha ilivyo.