Barua kwa mpasuaji: mfuko wa chakula na mkono wa shati

Mwezi huu barua zenu zinajibiwa na daktari mpasuaji wa Lubumbashi, mtoto wa Kamalondo, anayepunguza mifuko ya chakula ya wagonjwa wa unene kwa njia ya matundu madogo na kuwafundisha madaktari vijana kazi hiyo.

Jambo Dokta. Nina miaka 46, kilo 118, urefu mita 1.62. Kisukari ninacho mwaka wa 7 sasa, nakunywa vidonge. Magoti yananiuma, na ngazi za ghorofa moja tu zinanimaliza pumzi. Mdogo wangu aliye Johannesburg ananiambia nikakatwe tumbo. Naogopa. Mnakata mafuta? Na nikishapona, bukari, ugali wetu, nitakula tena? — Mama wa Katuba

Jambo sana, Mama. Mafuta hatuyakati. Tunayaacha pale pale yalipo, tunapunguza mfuko wa chakula, na mafuta yanakwenda yenyewe mwezi kwa mwezi.

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona nguo, na mpaka leo upasuaji huu naueleza kwa mashine yake. Ukishalala kwa dawa ya usingizi, tunajaza tumbo hewa ya kaboni dioksidi ili tupate nafasi ya kufanya kazi. Tunaitumia hiyo kwa sababu haishiki moto, na mwili unaitoa kwa kupumua. Tunatoboa matundu manne au matano, kamera inaingia kwenye moja na vyombo kwenye mengine. Halafu tunapitisha mdomoni mwako mpira wenye unene wa milimita 12 hivi mpaka ndani ya mfuko wa chakula. Huo ndio kipimo chetu, kama fundi anavyolaza rula juu ya kitambaa kabla ya kushika mkasi. Kuna chombo kinachoshona na kukata kwa pamoja: kinapiga mistari mitatu ya pini ndogo upande huu, mitatu upande ule, na kisu kinapita katikati. Tunafuata ule mpira kutoka chini hadi juu. Kinachobaki ni bomba jembamba, ndiyo maana upasuaji wenyewe unaitwa slivu, yaani mkono wa shati. Karibu robo tatu ya mfuko au zaidi inatolewa, tena kupitia tundu unaloweza kulifunika kwa kidole gumba.

Sehemu inayotoka ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa. Wengi wanadhani upasuaji huu ni wa kushiba haraka tu. Kushiba haraka kupo, lakini miezi ya kwanza njaa yenyewe inanyamaza. Nimewasikia wagonjwa wakisema, “Dokta, jana nilisahau kula,” na wanalisema kwa mshangao kabisa, watu ambao maisha yao yote waliambiwa wana uchu na hawana nia.

Sasa kuhusu wewe. Gawanya kilo 118 kwa 1.62, kisha gawanya tena kwa 1.62, unapata 45: ndicho kipimo chako cha unene. Kipimo kilichowekwa Marekani mwaka 1991 kilisema upasuaji unafaa kuanzia 40, au 35 kama unene umeshaleta ugonjwa mwingine. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa kazi hii vilikishusha: 35 hata bila ugonjwa, na 30 kwa mwenye kisukari kama chako. Kwa hesabu ya zamani na ya sasa, wewe umo ndani. Kisukari cha miaka 7 kinachotibiwa kwa vidonge bado kina nafasi nzuri ya kutulia, kuliko kile cha miaka 20 kwenye sindano za insulini. Waswidi walifuatilia watu zaidi ya 4,000, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, kuanzia mwaka 1987. Miaka ilivyopita, waliopasuliwa walikufa wachache zaidi.

Hofu yako naiheshimu, kwa sababu hatari zipo. Mshono unaweza kuvuja, takriban mtu 1 kati ya 100. Kiungulia kinaweza kuzidi, na ukiwa nacho kikali tangu sasa nitakushauri aina nyingine, baipasi, yaani kukipitishia chakula njia ya mkato. Vitamini utameza maisha yako yote. Kabla ya upasuaji tutapitisha kamera kooni tuone kama kuna vidonda au bakteria wa tumbo, maana wamejaa mjini kwetu. Na wiki mbili za mwisho utakula mlo mwepesi sana ili ini lisinyae. Ini la mtu mzito linalala juu ya mfuko wa chakula kama blanketi, na lisiposinyaa mimi sioni ninapokata.

Bukari utakula. Wiki mbili za kwanza ni vitu vya majimaji, kisha laini: supu ya samaki, mayai, maharage yaliyopondwa, sombe (majani ya muhogo) iliyoiva sana, unga wa dagaa kwenye uji. Samaki na mayai yatangulie kila siku, maana bila hivyo misuli inakwisha pamoja na mafuta. Bukari itarudi mwishoni, tonge moja au mawili, utafune polepole, na maji uyanywe nusu saa baadaye. Soda iache kabisa.

Dokta, nafunga ndoa Agosti. Nina kilo 84 na urefu mita 1.74. Naomba unikate kitambi kabla ya siku hiyo, suti imeshakatwa. — Bwana harusi, Bel-Air

Hapana, ndugu. Kipimo chako ni 28, na mtu wa 28 simwekei kisu. Hongera kwa ndoa, na mwombe fundi aongeze sentimita 3 kiunoni.

Profesa, mimi ni mwanafunzi wa udaktari hapa Kasapa. Natamani upasuaji wa matundu madogo lakini nasikia lazima mtu awe Ulaya, na mashine zetu ni chache. Wewe uliingiaje? Na mkono unafundishwaje? — Mwanafunzi

Mwanangu, nilimaliza Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 1999 bila kuwahi kuona kamera ndani ya tumbo la mtu. Nilikuwa nimesoma kwamba Mühe, Mjerumani, alitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, na Mouret wa Lyon mwaka 1987. Kwangu zilikuwa habari za mbali. Kilichonigeuza ni jina moja nililolisikia nilipofika Ubelgiji kusomea upasuaji mwaka 2004: Mitiku Belachew. Huyu ni Mhabeshi, alichunga mifugo utotoni, akasoma udaktari Ubelgiji, na mwaka 1993 katika mji mdogo wa Huy akawa wa kwanza duniani kumfunga mgonjwa mkanda wa kurekebika kwenye mfuko wa chakula kwa laparoskopi, yaani hiyo njia ya kamera na matundu madogo. Nililala na habari hiyo usiku mzima. Mtu wa kwetu, mchungaji wa ng’ombe, ndiye aliyefungua njia ambayo wazungu walimfuata.

Leo mkanda ule umeachwa karibu kabisa. Mingi iliteleza, mingine ikala ukuta wa mfuko, na mimi mwenyewe nimetoa mingi kuliko niliyofunga. Simpunguzii heshima yake hata kidogo. Slivu nayo ilianza kama hatua ya kwanza tu ya upasuaji mkubwa zaidi kwa watu wazito mno. Ikaonekana wengi wanapungua vya kutosha hata bila hatua ya pili. Kazi yetu inasonga hivyo, na ukiiingia jiandae kuacha ulichokipenda.

Kuhusu mkono. Shida ya kwanza ni kwamba chombo kinapita kwenye tundu, kwa hiyo ukisogeza mkono kushoto, ncha inakwenda kulia. Fikiria unasonga bukari kwa mwiko mrefu uliopitishwa kwenye tundu la mfuniko, huku unatazama sufuria kwenye televisheni. Kichwa kinajua, mkono unakataa. Hakuna kitabu kinachotibu hilo, ni saa za mazoezi tu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitunga mazoezi ya kwenye sanduku ambayo leo wapasuaji wa Marekani wanatahiniwa kwayo: kuhamisha vipande kutoka mkono hadi mkono, kukata duara, kufunga fundo.

Sanduku letu ni kreti ya soda iliyofunikwa mpira, taa ndogo na kamera ya kompyuta. Vijana wangu wanahamisha punje za mahindi kutoka kizibo hadi kizibo, za kushoto kwa mkono wa kushoto. Duara wanalikata kwenye glovu. Fundo wanalifunga kwenye utumbo wa mbuzi tunaonunua kwa wachinjaji wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, saa moja asubuhi, kabla haujanunuliwa wote na wapika supu. Asiyefunga fundo mara 20 mfululizo bila kulikata, kwangu hashiki mgonjwa. Wananiona mkali. Nitaendelea kuwa mkali, maana mama aliyelala pale hakuja kuwa daftari la mazoezi.

Ulaya si lazima tena. Taasisi ya IRCAD, inayofundisha upasuaji wa matundu madogo, iliyoanzishwa Strasbourg mwaka 1994, imefungua kituo Kigali mwaka 2023. Ila anza na sanduku lako, hata la katoni, chumbani kwako Kasapa. Na kabla ya slivu yoyote, toa vifuko vya nyongo, fanya ngiri, fanya vidole tumbo, kwa miaka. Jifunze pia yale ya kwetu: umeme ukikatika katikati ya kazi na skrini ikawa nyeusi, usivute chombo, usisukume, simama kama jiwe mpaka betri ishike. Na kamera ikipata ukungu, ichovye kwenye maji ya moto, usiipanguse juu ya ini.

Nikueleze na hili, kwa sababu hukuliuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilimfanyia slivu mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Upasuaji ulikwenda vizuri, akarudi kwake siku ya 3. Siku ya 6 akanipigia: hana maumivu makali, ila moyo unakwenda mbio. Nikamwambia ni uchovu, anywe maji, aje kesho. Kesho yake mapigo yalikuwa 130, mshono umevuja, usaha umejaa chini ya kiwambo cha kupumulia. Alikaa nasi wiki 7. Alipona, na bado ananisalimia kwa furaha tukikutana barabarani, lakini ile “kesho” ilikuwa kosa langu, na nimelisema mbele ya kila kundi la wanafunzi tangu siku hiyo. Mtu mnene tumbo lake haliwi gumu kwa haraka, homa inaweza kuchelewa. Mapigo ndiyo yanayosema kwanza. Asubuhi kwenye mzunguko wa wodi siulizi mgonjwa amelalaje. Naanza na mapigo, na anayenijibu “kama 100 hivi” ninamrudisha kitandani akahesabu dakika nzima.

Dokta, mke wangu alifanyiwa slivu nje ya nchi miezi 3 iliyopita. Amepungua kilo 31. Lakini wiki ya tatu sasa anatapika kila anachokula, miguu inamchoma na kufa ganzi, anayumba akitembea, na juzi anasema anaona watu wawili wawili. Hakupewa karatasi yoyote ya kurudi nayo. Mama mkwe anasema ni ukimwi tunauficha, wengine wanasema amerogwa. — Mume, Kampemba

Baba, wewe jibu ulilipata kwa simu usiku ule ule niliosoma barua yako, kwa hiyo hapa naandikia wenye ndugu wa namna hiyo nyumbani.

Kutapika kwa wiki nyingi baada ya slivu, pamoja na miguu kufa ganzi, kuyumba na macho kuona viwili, maana yake mwili umeishiwa vitamini B1. Ni dharura ya siku ile ile, kwa sababu ubongo unaumia na unaweza usirudi. Mpelekeni hospitalini na mseme wazi: “Amepunguzwa mfuko wa chakula, anatapika, tunaomba B1 ya sindano.” Tena iingie kabla ya dripu ya glukosi, au angalau pamoja nayo. Sukari ikitangulia peke yake inamaliza ile B1 kidogo iliyobaki. Muuguzi akishangaa, mwonyesheni ukurasa huu.

Wanaowapasua watu wetu huko nje na kuwarudisha bila karatasi wananiumiza moyo. Mgonjwa wa slivu anafuatwa maisha yake yote: damu, chuma, B12, mifupa. Kabla hujapanda ndege, dai ripoti ya upasuaji na jina la vitamini unazotakiwa kumeza. Usipopewa, usilipe salio.

Macho ya mkeo yalinyooka siku ya 4 ya sindano. Miguu itachukua miezi, na bado anatembea kwa kushika ukuta. Kutapika tumekuta kona ya bomba lake imebana, na tumeipanua kwa puto kupitia mdomoni. Ameniruhusu niongee na mama yake, basi Jumanne mje naye saa mbili asubuhi. Nitamchorea mfuko wa chakula kwenye karatasi, nitamwonyesha na vipimo vya damu ambavyo binti mwenyewe ametaka avione. Mwambieni aje na supu ya kuku, iliyochujwa, isiyo na pilipili.