Bendi yenye fidla na selo: mambo ya kuweka sawa mapema

Ukishakuwa na mpiga fidla na mpiga selo (ile fidla kubwa inayopigwa umekaa) kwenye bendi, hesabu zote hubadilika. Bendi ya gitaa, besi na drams inajibana kwenye bajaji mbili na kufika. Sisi tuko saba, na selo peke yake inakula nafasi ya mtu mzima. Kila shilingi inayoingia ina watu saba wanaoisubiri, na mazoezi hayaanzi mpaka wote saba wametoka kazini. Nimepiga fidla na kushika daftari la fedha la bendi ya namna hii Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Ninawaandikia wadogo zangu mnaotaka kuanzisha ya kwenu: huu muziki wa chemba pop, yaani pop inayobebwa na fidla, selo, tarumbeta na piano, unaweza kudumu bila lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kutoa muziki. Lakini wingi wenu muukubali tangu mwanzo, na kila mpango uufuate.

Bendi ninayoitolea mfano kila mara ni Belle and Sebastian wa Glasgow, Uskoti. Walianza mwaka 1996. Mtunzi wao mkuu, Stuart Murdoch, alikuwa ameugua kwa miaka ugonjwa wa uchovu usioisha, na katika kipindi hicho ndipo alipojikita katika kutunga. Albamu yao ya kwanza, Tigermilk, ilitoka kama kazi ya wanafunzi wa kozi ya muziki katika chuo cha Stow. Kwa kawaida lebo ya chuo ilitoa singo moja kwa mwaka, ila nyimbo zilikuwa nyingi, ikawa albamu nzima. Walirekodi kwa siku chache tu, zikatolewa sahani za santuri 1,000. Mwaka haujaisha, albamu ya pili ikatoka kupitia Jeepster, lebo ndogo ya London.

Hizo siku chache ndizo ninazotaka mzitazame. Studio inalipwa kwa saa, na watu saba wanaotafutana noti mbele ya maikrofoni watakausha akiba yenu kabla ya wimbo wa tatu. Kila mtu aingie na sehemu yake imeandikwa, hata kama ni kwa penseli kwenye karatasi ya daftari. Ukumbi wa mazoezi msilipie kama kuna namna. Murdoch alikuwa mtunza jengo la kanisa na aliishi juu ya ukumbi wa kanisa hilo. Huku kwetu madarasa ya shule na kumbi za parokia hukaa tupu jioni, na ukienda kwa adabu, ukafagia ukimaliza, utakaribishwa tena.

Jukwaani ndipo fidla inapoonewa. Fundi mitambo aliyezoea bendi za dansi atakuwekea maikrofoni ya mwimbaji, kwenye stendi, hatua moja kutoka kwenye drams. Hapo atakachonasa ni matoazi. Akipandisha sauti ili fidla isikike, spika zinapiga mluzi. Nunueni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye fidla yenyewe, iwe mali ya bendi, isitegemee ukarimu wa ukumbi. Mpiga drams atumie brashi kwenye nyimbo laini na akae upande wa pili wa jukwaa. Na kama shoo ni hotelini ufukweni, toeni vyombo kwenye chumba chenye kiyoyozi mapema, muviache kivulini vizoee hewa ya nje. Ukitoka navyo kwenye baridi moja kwa moja ukaanza kupiga, joto na unyevu wa Pwani vitazitoa nyuzi kwenye sauti zake katikati ya wimbo wa kwanza.

Kuhusu fedha, tusijifanye kama hatuna walimu. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar ipo tangu 1905, na ni kundi kubwa la fidla, ganuni na udi. Taarabu ya namna ile imelelewa na vilabu, na wanachama wengi wana kazi zao mchana. Nawasihi msiache ajira kwa sababu wimbo mmoja umepokelewa vizuri. Sisi kwanza tunatoa usafiri na vyombo vya kukodi, kisha fungu la bendi la kurekodia, ndipo tunagawana sawa. Fedha za kutunzwa, zile wanazotuza watazamaji jukwaani, nazo zinaingia kwenye mgao, ingawa mikono yote huelekea kwa mwimbaji. Hili lina ubishi, najua, na wapo waimbaji watakaokataa. Mimi nalitetea kwa moyo wote, kwa sababu yule wa selo aliyeko gizani nyuma ndiye aliyemtoa machozi yule mama mwenye noti.

Haki za utunzi ni jambo lingine, msilichanganye na mgao wa shoo. Andikisheni nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina ya waliotunga kweli, kabla hazijatoka.

Halafu watu wataondoka. Belle and Sebastian walimpoteza Stuart David, mwanzilishi mwenza, mwaka 2000, na Isobel Campbell, mpiga selo wao, mwaka 2002. Wangeweza kuishia hapo. Wakahamia lebo ya Rough Trade, wakatoa albamu 2003 chini ya prodyuza Trevor Horn, na 2006 wakapiga Hollywood Bowl, jukwaa kubwa la wazi huko Los Angeles, pamoja na okestra ya Los Angeles Philharmonic. Kwenye kundi la watu saba kuna ndoa, uhamisho wa kazi, mtoto mchanga. Anayeondoka aagwe vizuri, alipwe anachodai, na sehemu zake alizoandika zibaki kwenye faili la bendi. Makubaliano hayo yaandikwe kabla hamjaingia studio, kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala yake.