Beringi ya gurudumu la mbele: angalia unapoigonga

Kaka, umesema pikipiki yako ya magurudumu manne inanguruma mbele kushoto, na beringi mpya imekufa mapema. Mimi naona kosa liko kwenye ufungaji kuliko kwenye beringi.

Hakikisha kwanza. Inua mbele, weka stendi imara, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi, ukibaki, kagua boli jointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu kwenye saspensheni.

Sasa, beringi hukaa kwa kubana ndani ya nako (kipande cha chuma kinachobeba gurudumu), na hapo ndipo mafundi wengi wanaiharibu. Ukiigonga kwenye pete ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinaacha alama ndogo kwenye njia zinamopita. Hazionekani kwa nje, lakini mngurumo utarudi tu. Sukuma pete ya nje peke yake, kwa presi au kipande cha bomba kinachoienea. Kuilaza beringi kwenye friza usiku kucha kunasaidia sana, maana chuma kikipoa husinyaa. Safisha tundu lake mpaka ling'ae, na usisahau kurudisha ile pete ya kuizuia isitoke. Wakati wa kuingiza habu, yaani kitovu cha gurudumu, egemeza pete ya ndani kwa nyuma.

Nunua kwa namba iliyochongwa kwenye beringi. 2RS maana yake ina sili za mpira pande zote mbili. Na kaka, maji ya presha yasielekezwe hapo kabisa.