Mwendo, Mkanda na Lori la Mbele

Gari langu la zamani bodi lake ni chuma kitupu. Haya mapya yakiguswa tu yanajikunja. Lipi salama? (Msomaji, Morogoro)

Jipya. Kinachoua ni mwili kusimamishwa ghafla, na pua ya gari inapojikunja inaupatia mwili nafasi ya kusimama taratibu kidogo. Kisichotakiwa kukunjika ni pale mnapokaa. Kwa hiyo picha za boneti iliyosagika mnazotumiana hazisemi mengi kuhusu nani alipona.

Kati ya mwendo wa kilomita 80 na 100 kwa saa kuna tofauti gani ya maana?

Kubwa. Nishati ya kishindo hupanda kwa mraba wa mwendo, hivyo kilomita hizo 20 zinaiongeza kwa asilimia 56. Kugonga ukuta ukiwa na 50 ni sawa na kudondoka kutoka mita 10 hivi, ghorofa ya tatu. Ukiwa na 100 ni mita 39.

Magari mawili yakivaana uso kwa uso, kila moja na 80, si ni sawa na kugonga ukuta kwa 160?

Yakiwa na uzito sawa, hapana. Kila moja linatoka 80 hadi sifuri, kama limegonga ukuta kwa 80. Balaa ni uzito usipolingana. Chukua lori la tani 30 na gari dogo la tani 1.2, yote yana 80, yakagongana na kwenda pamoja. Lori linapungukiwa kilomita 6 hivi kwa saa. Gari dogo linarudishwa kinyumenyume, na badiliko la mwendo wake linapita 150. Hapo mkanda hautoshi, na mfuko wa hewa hautoshi. Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaoovateki mlimani.

Siti ya nyuma nako nifunge mkanda? Mtoto nampakata.

Funga. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kifo karibu nusu kwa waliokaa mbele, na hadi robo kwa wa nyuma. Asiyefunga nyuma humvamia wa mbele kwa uzito wake wote. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama ghafla kutoka 50, anaweza kukuvuta kwa nguvu ya kilo 200. Mikono ya mama haiwezi. Mnunulieni kiti chake.

Na kugongwa ubavuni?

Kubaya zaidi, maana kati yako na kinachokugonga kuna mlango tu. Shirika hilohilo linakadiria kwamba gari likigongwa ubavuni na jingine kwa 65, hatari ya kufa kwa waliomo ni asilimia 85. Kwenye makutano, hata taa ikikuruhusu, tazama kulia na kushoto kwanza.